Daktari Aliyekubali Kadi ya Phelista

Mimi huuza mbegu na dawa za mifugo hapa Kitale, na mtu anayeuza mbegu haamini kitu. Nimeona mahindi ya kusagwa yakipakwa rangi, yakatiwa kwenye pakiti yenye nembo safi, akauziwa mkulima maskini na muuzaji akaapa kwa jina la mama yake. Kwa hivyo watu wa soko wakisema Mama Thuo ana shaka nyingi, sikasiriki. Shaka imenilisha, shaka imemsomesha mwanangu Thuo. Na ni shaka iliyonijulisha kwamba jirani yangu Phelista ni mgonjwa, kabla yeye mwenyewe hajasema.

Phelista ana mashine ya kufuma sweta za shule, mlango wa pili kutoka kwangu. Ni Mbukusu wa Kimilili, aliolewa huku Kitale na akamzikia mume huku. Maneno yake ni machache, kazi yake ni nyingi. Akikufumia sweta, mtoto ataivaa mpaka aichukie. Ana binti mmoja tu, Nelima, aliyeolewa Sirisia na fundi wa stima aitwaye Tonny. Nelima alikaa kwa mume muda mrefu bila mtoto, watu wakaanza kunong'ona, na Phelista akakonda kwa minong'ono ya watu wengine. Mwaka huu Nelima akapata mimba. Siku hiyo Phelista alifunga kibanda mchana, akaja dukani kwangu, akakaa juu ya gunia la mbolea akicheka peke yake.

Sasa, muda si mrefu baada ya hapo nikaona ameacha kukaa. Anafuma akiwa amesimama. Amejifunga leso mbili kiunoni na jua linawaka. Kila mara anaenda chooni. Nikajiambia, Nyaruai, hapo kuna kitu. Halafu nikamwona anatoka duka la dawa amekumbatia mfuko mweusi, na mimi mifuko myeusi huwa siiachi hivi hivi. Nikamfuata mpaka ndani ya kibanda, nikashusha pazia, nikachungulia mfukoni.

"Mama Nelima, hizo pedi ni za nani?"

"Za Nelima."

"Nelima si ana mimba? Mwenye mimba anafanyia nini pedi? Kama ni kunidanganya, nidanganye vizuri, bana."

Akacheka kidogo, halafu akalia. Damu ilikuwa imemrudia, akasema, baada ya miaka mingi ya kukauka. Ilianza matone tu. Akadhani ni baridi, akadhani ni uchovu wa sweta za Januari, halafu akachoka kudhani. Hakumwambia mtu, na Nelima ndiye wa mwisho ambaye angemwambia, maana mwenye mimba hapewi hofu.

Mama yangu mzazi alikwenda hivyo hivyo. Alificha mpaka kitanda kikasema. Tulimzika Cherang'any, na mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa akifua nguo zake kwa siri nyuma ya zizi, nashikwa na hasira ambayo sijui niipeleke wapi. Kwa hivyo nilimwambia Phelista akiwa bado analia: "Kesho tunatafuta daktari wa wanawake. Na usiniambie habari ya sweta za watu."

Alikuwa na SHA, hiyo bima ya serikali, na alikuwa amelipia mwaka mzima. Wakati ule nilimcheka. Sasa nikaona ni heri. Tukaanza kutembea Kitale na kitambulisho chake mkononi, maana hicho ndicho kadi ya SHA.

Kliniki ya kwanza, msichana wa mapokezi hakuinua hata macho. "Kesh ama SHA?"

"SHA."

"Daktari wa wanawake leo hayuko."

Ya pili wakasema SHA wanachukua ya kulazwa tu, kumwona daktari ni kesh. Ya tatu wakasema mtambo umeanguka.

"Umeanguka lini?" nikauliza.

"Tangu Jumatatu."

"Na utaamka lini?"

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeuangusha.

Nikatoka nje, nikachukua ile laini yangu nyingine, nikapigia kliniki ya kwanza. Nikalainisha sauti, nikawa mtu wa pesa. "Nataka kumwona daktari wa wanawake. Nalipa kesh."

"Karibu sana mami, daktari yuko. Hata sasa hivi ukikuja yuko."

Ngai! Nilirudi huko kwa miguu, mbio. Niliyoyasema sitayarudia hapa, kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa. Mlinzi alikuja, na Phelista akanivuta mkono akiniambia, "Twende Mama Thuo, tutashikwa bure." Alikuwa mweupe midomo. Nikaona ninapigana na msichana wa mapokezi na huku mgonjwa wangu anasimama juani, nikanyamaza.

Hospitali ya serikali walipokea kadi bila neno. Lakini daktari wa mambo hayo ni mmoja na wanawake ni wengi, na tarehe tuliyopewa ilikuwa mbali. Phelista aliikunja ile karatasi akaitia kwenye Biblia. Mimi sikutaka kungoja.

Ndipo mteja wangu mmoja wa Suam, mama anayenunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaniambia dada yake alitibiwa Bungoma mjini. Kuna daktari wa wanawake huko anaitwa Wanyonyi. "Huyo anachukua SHA," akasema. "Haulizi mara mbili."

Hapo ndipo wasiwasi uliniingia. Haulizi mara mbili kwa nini? Wenzake wote wanaikimbia hiyo kadi, yeye anaikumbatia ana nini? Dukani, mbegu ikiwa rahisi kuliko zote, mimi huuliza imetoka wapi. Nikapiga simu. Msichana akajibu vizuri, akaeleza kila kitu, akasema asante mara mbili. Nikakata simu nikiwa na shaka zaidi. Nani husema asante kwenye simu ya hospitali?

"Huyo atakuwa amefukuzwa mahali," nikamwambia Phelista. "Ama anachukua alama ya kidole anaandika upasuaji wa uongo. Watu husema mambo hayo yako."

"Si wewe mwenyewe ndiye ulikuwa unamtafuta?" Phelista akasema. "Sasa amepatikana unamtafutia makosa."

"Unamjua? Wanyonyi ni watu wenu."

"Ayi, Bungoma ukirusha jiwe sokoni litapata Wanyonyi. Nitamjua yupi?"

Tukaenda. Kliniki ilikuwa safi, jambo ambalo halikunituliza. Kulikuwa na dada mmoja mrefu, Jepkoech, klinikal ofisa, yaani tabibu msaidizi wa daktari, aliyetupokea kwa adabu. Alipoleta kile chombo cha kuwekea kidole nikamzuia Phelista. "Ngoja. Geuza hicho kioo cha kompyuta nione unachoandika."

Jepkoech akakigeuza bila kununa. Nikasoma yote. Jina lake, kitambulisho chake, kumwona daktari, basi. Nikamwambia Phelista sawa, weka.

Tukakaa kwenye benchi. Baada ya muda mlango wa daktari ukafunguliwa, akatoka mtu mnene wa makamo ameshika faili, akisoma jina. "Mama Phelista..." Akainua macho. Phelista naye akainua macho.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Daktari aligeuka akarudi ndani, mlango ukafungwa. Phelista akavuta leso akajifunika kichwa na uso, akasimama, akatoka nje karibu aanguke. Mimi nikabaki katikati na mikoba miwili.

Nikajua hawa wanajuana. Na nikawaza vibaya, siwafichi. Mjane, mtu mnene, Bungoma. Lakini kabla sijamaliza kuwaza hayo, nikakumbuka kidole.

"Haya!" nikapiga kelele. "Kidole mmechukua, mgonjwa hamjamgusa! Hiyo pesa anakula nani?"

"Mama, hakuna kitu kimetumwa SHA," Jepkoech akasema.

"Kitatumwa tukishaenda! Nawajua nyinyi!" Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaanza kutoa simu zao kuangalia meseji. Mmoja akasimama kabisa.

Nikamfuata Phelista. Nilimpata kando ya ua, amejifunika bado.

"Sema," nikamwambia. "Yule ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu."

"Mkwe gani? Mkwe wako ni Tonny, namjua, aliniwekea stima dukani."

"Ni ndugu ya Tonny. Tumbo moja. Eliakim. Ndiye alisimama naye siku walileta ng'ombe. Kwetu hao wote ni wakwe, Mama Thuo. Hakuna tofauti."

"Na hukujua ni daktari?"

"Nilijua ni daktari. Daktari wa nini, ningemuuliza nani? Mama mkwe haendi akichunguza mambo ya wakwe. Namjua kwa jina la Eliakim tu; hilo la Wanyonyi hata Nelima hajawahi kunitajia." Akafuta uso kwa leso. "Sisi mkwe hakupi mkono. Akiingia nyumbani, mimi natokea mlango wa jikoni. Yule hajawahi kuona kichwa changu bila kitambaa. Sasa unataka aone nini?"

Nikaweka mikoba chini. "Hata sisi tunaheshimu wakwe. Lakini yule hapa si mkwe, ni daktari!"

"Akiniona uchi, ndoa ya mtoto imeharibika. Hilo kila mtu kwetu anajua. Na mimba hii je? Mimba iliyongojwa hivi? Ikiharibika, watasema ni nani aliivunja?"

"Huo ni ushamba."

"Ni ushamba," akasema. "Lakini ni wetu."

Nilirudi ndani nimejaa. Nilimkuta daktari amesimama dirishani, amenipa mgongo.

"Ameenda?" akauliza.

"Yuko nje. Anavuja damu nje ya kliniki yako."

"Mwambie asiende. Tafadhali, mama."

"Kwa hivyo utamwona?"

"Mimi siwezi kumwona. Nililelewa kwa mila hiyo hiyo."

"Sema tu ni kwa sababu ya kadi. Nimezoea."

Hapo akageuka. Alikuwa amekasirika, na nikamheshimu kidogo kwa hilo. "Kadi nimeshaikubali, mama. Ni mimi ambaye yeye hawezi kunikubali. Jepkoech atampima. Maswali nitauliza mimi, nikiwa nje ya mlango. Wewe ndiye utasema."

Kwao mambo ya mkwe na mama mkwe hupita kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu siku hiyo nilikuwa mimi, Mkikuyu nisiyejua hata kusalimu vizuri kwa lugha yao. Phelista akalala kitandani, Jepkoech kando yake. Mlango ukaachwa wazi kidogo. Daktari akasimama kwenye korido akiangalia ukuta, nami nikasimama mlangoni.

"Muulize damu ilianza lini," akasema, kwa sauti ambayo hata wa kwenye benchi waliisikia.

Phelista akaniangalia, akingoja.

"Anauliza damu ilianza lini."

"Mwambie baada ya Pasaka."

"Baada ya Pasaka," nikamwambia mtu ambaye amesikia.

"Muulize kama ina harufu."

Phelista akafunika uso. "Mwambie hilo sijibu."

"Anasema hajibu."

"Mwambie nimeelewa," daktari akasema taratibu.

Jepkoech akampima kwa ile mashine ya picha, halafu akachukua kipande kidogo cha nyama cha kupelekwa maabara. Phelista alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Hakulia. Alipomaliza kuvaa, daktari alikuwa ameshaondoka pale koridoni ili apite.

Majibu yalipokuja daktari alinipigia mimi. Ni kile nilichoogopa, saratani ya kizazi, lakini kimewahiwa, akasema. Kizazi kitolewe chote, na kisicheleweshwe. Jepkoech hapasui. Daktari alikuwa amemtafuta mwenzake wa kike Eldoret, lakini mahali anapofanya kazi hawapokei kadi. Wengine wanaopokea, foleni ni ile ile ya tarehe ndefu.

"Unataka kututupa," nikamwambia.

"Mama Thuo, mimi niko tayari. Kaka yangu akinilaumu, anilaumu. Niulizie yeye."

Nikamuuliza. Phelista alikuwa anafuma, hakusimamisha mashine. "Hapana," akasema. "Mimi nimeshakula miaka yangu. Mtoto akae kwake."

"Utakufa!"

"Watu hufa, Mama Thuo."

Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana mgonjwa. Nilimwita mjinga, nikamwita mchoyo, nikamwambia mama yangu pia alijifanya ana heshima na heshima yake iko Cherang'any chini ya migomba. Halafu bila kumuuliza nikatoa simu, nikampigia Nelima, nikaweka sauti juu. Nikamweleza yote, yakiwemo yale niliyokatazwa.

 Nelima akasema, "Mama, nikizaa nitamleta huyu mtoto Kitale kwa nani? Kwa mashine ya sweta?"

Phelista akasimamisha mashine.

"Tonny yuko hapa," Nelima akaendelea, akilia sasa. "Anasema nikwambie alitoa ng'ombe akaoa, na harudishi mke kwa sababu mama ametibiwa."

"Leo anasema hivyo," Phelista akajibu. "Siku mtoto akipata homa atasema nini? Siku mama yake akianza maneno, atasema nini?" Akawasha mashine tena. Nikaona hata yeye ana shaka kama yangu, ila yake amekuwa akiifuma kimya kimya.

Asubuhi iliyofuata nilipofungua duka alikuwa amesimama mlangoni na kikapu, amevaa nguo za kanisa.

"Twende," akasema.

"Kimekubadilisha nini?"

"Nimewaza. Nikifa, Nelima atajua nilikufa kwa ajili ya ndoa yake. Hiyo ndoa ataipenda vipi tena? Kila akimwangalia Tonny ataniona mimi." Akanipa kikapu nimshikie. "Lakini nilazwe usingizi kwanza, ndiyo aingie. Na wewe ukae mlangoni."

Hivyo ndivyo ilivyofanywa. Walimlaza usingizi, Jepkoech akatoka akanong'ona, na daktari akapita mbele yangu kuingia thieta, ameinamisha kichwa kama mtu anayeingia msibani. Nilikaa mlangoni. Kila aliyetoka nilimuuliza, na kila aliyenijibu sikumwamini. Mwishowe nikasema nataka kukiona kilichotolewa, kwa sababu ningejuaje kwamba wametoa kitu? Jepkoech alichoka na mimi, akaniletea ndani ya chombo. Kilikuwa kidogo sana. Nikamshukuru, nikaenda nje, nikalia huko ambako hakuna mtu wa soko angeniona.

Kesho yake daktari alikuja wodini. Alisimama mwisho wa kitanda, akageukia ukuta kama kawaida yake. Phelista alikuwa amejifunika leso mpaka juu ya kichwa.

"Mama Thuo," akaanza, "muulize mama kama ameweza kukaa..."

"Nyamaza wewe," Phelista akaniambia, na mimi nilikuwa hata sijafungua mdomo. Akashusha leso. Kichwa kilikuwa wazi, nywele zimejaa mvi, sikuwahi kuziona hata mimi. "Eliakim."

Mgongo wa yule mtu ulishtuka.

"Mkwe haoni ulichoona," akasema. Sauti ilikuwa dhaifu lakini haikusita. "Umeshika mahali Nelima alikaa kabla ya kuja kwenu. Nimelala hapa nikifikiri, huyu sasa ni nani kwangu? Mkwe si mkwe tena. Daktari, ukinitoa nyuzi utaenda zako. Nimeona ni kimoja tu kimebaki. Anayejua tumbo la mtu hivyo ni mtoto wake."

Daktari akaegemeza mkono ukutani.

"Kwa hivyo wewe ni mtoto wangu, na Nelima ni dada yako. Siku Tonny atamtesa kwa sababu ya jambo hili, ama mama yenu aanze maneno, wewe usije ukasimama upande wa walioleta ng'ombe. Utasimama upande wangu. Umesikia, ama Mama Thuo akuambie?"

Aligeuka polepole. Lile pande la mtu lilikuwa linalia, na halikujificha.

"Nimesikia, mama," akasema. Akavuta kiti karibu na kitanda, akaketi, akaanza kumweleza yeye mwenyewe jinsi ya kutunza kidonda.